Kanga ya Pili

Bango la kampeni ya mgombea mmoja lilimwonyesha Dafrosa, nesi wa zahanati yetu, amelala kitini mchana kweupe, kanga mabegani. Chini waliandika: "Kodi yako imelala."

Sisi wa chama cha wafanyakazi tulilibandua, tukalitandaza uani na kukaa kutafuta la kujibu redioni. Katibu, aliyetoka Ruangwa mjini kwa bodaboda, alitaka tuseme picha ni ya kutengeneza.

"Ni mimi, Katibu," Dafrosa alisema, akikwangua gundi ya bango kwenye kucha. "Nililala."

Mama mmoja aliyeleta mtoto kliniki alisogea, akaliinamia lile bango.

"Kanga hiyo yangu," alisema. "Tulikesha, mimi na uchungu, yeye kanishika mkono. Mtoto alipotoka kulishakucha. Akakaa hapo, usingizi ukamchukua. Nikamfunika."

Akageuka. Mtoto alikuwa mgongoni, amebebwa kwa kanga ya pili ya doti ile ile, yenye korosho zile zile nyekundu.

Kisha Katibu akauliza kwa upole, "Redioni utaweza kusema hivyo, mama?"

Yule mama alifungua fundo kifuani.

"Nitasema. Nesi, nipokelee kwanza huyu. Anaijua mikono yako."