Marufuku ya Mheshimiwa Dubu

Katika msitu wa kaskazini, ambako theluji hufunika ardhi nusu mwaka, Dubu alikuwa mkuu na Kunguru mtangazaji wake. Kunguru alikuwa na sauti kubwa, na alitangaza kila alichopewa bila kuuliza. Mwaka huo alitangaza kwamba samaki wamekataa kuja.

"Uongo!" alisema Chiriku, ndege mdogo asiyenyamaza. "Dubu ameuziba mto kule juu kwa magogo kumi na manne, anakula peke yake!"

Walimsikia majirani wachache tu. Wanyama walizidi kukonda, na baridi ilikuwa karibu. Hata hivyo Dubu alikasirika.

"Mpige marufuku," alimwagiza Kunguru. "Taja kila neno lake, asipate pa kuponyokea."

"Vyema, Mheshimiwa."

Kunguru akapanda msonobari mrefu kuliko yote, akapaza sauti msitu mzima ukasikia: "Ni marufuku kusema kwamba Mheshimiwa Dubu ameuziba mto kule juu! Ni marufuku kusema kwamba ametumia magogo kumi na manne! Ni marufuku kusema kwamba anakula peke yake!"

Fisi-maji akamgeukia mkewe. "Mama Watoto, umesikia?"

"Nimesikia. Unangoja nini?"

Wanyama wote wakaufuata mto hadi kule juu, wakang'oa magogo, na samaki wakateremka wakirukaruka. Watoto wa Fisi-maji walikula hadi wakashindwa kuogelea, na Chiriku aliimba mpaka sauti ikamkauka.

Dubu akamjia Kunguru akitweta. "Umeniangamiza!"

Kunguru alishtuka sana. "Kwani nimeruka neno gani, Mheshimiwa?"