Rangi ya Moshi

Kwa desturi ya karakana ya treni, aliyebuni nozeli mpya ya kupulizia mafuta husafiri na injini siku ya kwanza. Ndiyo maana Tunu alikuwa amekaa nyuma ya dereva wa treni. Vitundu alivyovichora, vyembamba kama unywele, vilipaswa kupuliza dizeli iwe ukungu, ichanganyike na hewa, iungue yote. Vikidondosha matone, moshi mweusi ungejaa kwenye handaki la reli lililokuwa njiani, na mabehewa yote yalikuwa na watu.

Handaki likatokea mbele yao.

"Mzee Kibwana, hebu nitazamie moshi. Una rangi gani?"

Dereva alichungulia nje, akafunga dirisha upesi. Akalowesha vitambaa viwili, kimoja akampa.

"Ni mweusi, mzee?"

"Jifunge pua kwanza, mwanangu," alisema, na giza likawameza.