Kamba ya Nyuma

Hakuaga mtu. Mumewe alimwambia ni miezi mitatu tu, na kuagana kwa safari fupi ni kujichuria.

Mashua ndiyo nyumba yao. Kwa miaka tisa walilala, wakapika na kugombana humo, ubavuni mwa gati lile lile.

Mumewe akafungua kamba ya mbele, akaja kwenye ya nyuma. Pale bandarini, anayekusudia kurudi huiacha kamba ya nyuma gatini, na hakuna atakayethubutu kumchukulia nafasi. Jirani yao, fundi injini, alikwishanyoosha mikono aipokee.

"Niachie, kaka. Nitawatunzia."

Mumewe akaivua kwenye kigingi cha chuma, akaivutia ndani, akaikunja taratibu, duara juu ya duara.

"Tutaihitaji huko," alisema.

Kigingi kilikuwa kutu tupu, isipokuwa pale kamba ilipokaa. Pale palikuwa laini, kama kidole kilichovuliwa pete. Mke akapatazama. Kisha akaona chai yake imepoa, akainywa yote.

"Ulisema miezi mitatu."

"Shika usukani, mama watoto."

Akaushika. Kule gatini, fundi alikuwa bado amenyoosha mikono.