Zamu ya Koleta

Koleta alipiga magoti ukingoni mwa ndiva, bwawa la kumwagilia walilochimba mababu juu ya mashamba, akazamisha mikono hadi viwikoni na kulishika gogo linaloziba tundu la maji.

"Mama, shikamoo! Tafadhali usifungue!"

Mhandisi alikuwa katikati ya bwawa, amesimama juu ya mji wake unaoelea: mapipa ya bluu yaliyofungwa pamoja, vijumba vya mbao, hata mnazi wa plastiki. Bahari ikipanda, aliwaambia wanakijiji mkutanoni, watu wa pwani wataishi hivi. Huku mlimani amekuja kuujaribu tu.

"Marahaba. Leo ni zamu yangu ya maji."

"Wageni wa mradi wanafika saa sita. Kesho utafungua."

"Kesho ni zamu ya jirani. Zamu iliyopita uliniambia hivyohivyo, nikanyamaza kama mjinga, mahindi yakasokota majani."

Gogo lilikuwa limevimba, limezungushiwa majani makavu ya mgomba na udongo. Utelezi wa kijani ulimjaa kwenye kucha.

"Mama, mradi huu utaokoa maelfu ya watu!"

"Na mimi ni nini? Mbuzi?"

Akavuta. Gogo likachomoka, maji yakanguruma mferejini.

Mji ukaanza kushuka. Pipa la kwanza likakwama kwenye tope, vijumba vikainama upande mmoja, na mhandisi akaukumbatia mnazi wake wa plastiki.

"Ziba! Mama, ziba!"

Koleta akalitia gogo begani, likimchuruzikia mgongoni.

"Elea sasa," akamwambia, akashuka nalo shambani.