Nyasi za Kutazamwa

"Nyasi hizi zinaliwa na nani?" baba yake Esteria aliuliza.

"Haziliwi, mzee. Zinatazamwa," alijibu mwenye nyumba, yule bwana aliyemposa Esteria. Akawaamuru mafundi aliowakodi kutoka Mbeya wafungue koki, na maji yakaruka juu kama mvua, katikati ya kiangazi cha Ilembo.

"Na ng'ombe wako?"

"Ng'ombe! Nyie watu wa porini, bwana!"

Esteria, aliyetakiwa kujibu posa siku hiyo, alivua kandambili akakanyaga nyasi hizo. Nyasi zilizolowa zilimtekenya katikati ya vidole.

"We! Toka! Utaziua!"

Hakutoka. Alimtazama yule bwana kuanzia kichwani hadi viatuni, akasonya. Kisha yeye, asiyefungua mdomo mbele ya wanaume, akasema kwa sauti:

"Baba, twende. Ng'ombe hawajanywa."