Bei ya Vyuma

Kwa miaka kumi na tisa ya udalali wa magari, Hakimu hakuwahi kufungua boneti mbele ya mwenye gari. Macho humsaliti mnunuzi, na bei hupanda kabla mtu hajatamka neno. Yeye alipiga teke gurudumu, akaguna, akazungumzia kutu. Boneti aliifungua baadaye, njiani, mwenye mali akiwa hayupo.

Ndivyo alivyofanya Jumatatu kwa Mama Speciosa, mjane anayekamua mawese pembezoni mwa Rumonge, kando ya ziwa. Bandani kwake, kati ya mapipa na makapi ya chikichi, lilikuwapo Pejo la zamani la milango miwili, gari la mbio ambalo Mgiriki mmoja, alipoacha biashara ya mawese, alimwachia marehemu mumewe, Leonsi. Lilifunikwa turubai, na nyasi zilikuwa zimeota mpaka milangoni. Hakimu aliliona, moyo ukamruka, uso akaukunja.

Nyuma ya nyumba mashine ya kukamulia ilinguruma, kwa hiyo walizungumza kwa kupaza sauti.

"Hii iko vyuma tu, mama," alisema Hakimu. "Ni vile nakuhurumia. Milioni mbili, na lori nalipa mimi."

"Haufungue kapo kwanza, uangalie?"

"Boneti nifungue ya nini, mama? Vyuma ni vyuma."

Mama Speciosa alimtazama kidogo. "Sawa, mwana wangu. Bei ya vyuma, basi."

Akazipokea pesa, akaanza kulalamika juu ya esansi, yaani petroli. Mashine za majirani zilikwenda kwa mazutu, yaani dizeli, au kwa mikono ya watu tu, lakini yake ilikunywa esansi, na esansi siku hizi haipatikani. Hakimu aliitikia kwa kichwa bila kusikiliza.

Bujumbura alikuwako Emery, mtu aliyerudi kutoka Ubelgiji akiwa na mapenzi makubwa ya magari ya zamani. Alikuwa ameahidi milioni sitini kwa sharti moja: injini iwe ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Akikuta nyingine, hatoi hata faranga.

Kwa Hakimu, gari hili lilikuwa mlango wa kutokea. Angefungua duka la vipuri kule Buyenzi, akae kwenye kiti, auze vitu ambavyo bei yake imeandikwa ukutani. Alikuwa amechoka. Amechoka kuguna, amechoka kukunja uso, amechoka kumwona mkewe Nafisa akipokea pesa ya chakula bila kuuliza imetoka wapi. Zamani alikuwa akiuliza.

Jumatano alirudi na lori. Wapakiaji wanne walilisukuma gari kwenye mbao, likapanda kwa wepesi hata dereva wa lori akacheka.

"Kutu imelikula lote hili," alisema.

Hakimu aliendelea kukaza kamba. Boneti angeifungua njiani, pale Kabezi, wakisimama kunywa chai, kama ilivyokuwa desturi yake.

Mama Speciosa alitoka na kidumu cha mawese, lita tano, bado ya moto. "Hii ya nyumbani kwako," alisema. Kisha akamsogelea, akauliza polepole, mashine ikinguruma nyuma yake: "Hakimu, kweli hii gari iko vyuma tu?"

Swali lilikuwa dogo. Jibu alikuwa nalo, la miaka kumi na tisa, limekaa tayari ulimini. Safari hii halikutoka. Alikipokea kile kidumu, akahisi joto lake viganjani, akaona aibu, aibu kweli kweli, ile ya kumfanya mtu mzima atazame viatu vyake.

"Hapana, mama," alisema. "Nilikudanganya. Bujumbura iko mtu anatoa milioni sitini. Hamsini ni zako. Na ukisema gari ishuke, itashuka sasa hivi."

Dereva alikohoa, akageukia barabarani. Hakimu alisimama pale na kidumu chake. Duka la Buyenzi aliliona likifungwa kabla halijafunguliwa, na cha ajabu, mabega yake yalikuwa mepesi kuliko yalivyokuwa asubuhi.

Mama Speciosa hakushangaa. Alifuta mikono yake yenye mafuta kwenye kitenge, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Siku ile ulilipa bei ya vyuma," alisema, "nikakupa vyuma. Nilikuambia fungua kapo, ukakataa. Leo unalipa bei ya gari."

Akageuka, akapiga kelele kumwita kijana wa mashine kule nyuma ya nyumba. "Protasi! Zima!"

Mngurumo ukakatika. Kwa mara ya kwanza katika uwanja ule, Hakimu alisikia mawimbi ya ziwa.

"Leta spana," alisema Mama Speciosa. "Injini ya gari yako iko huku nyuma. Inakamua mawese tangu Leonsi akiwa muzima."