Unga Juu ya Injini

Gari kuukuu la Bi Somoe lilikuwa likidondosha oili, na alasiri hiyo lilitakiwa kumbeba mjukuu wake, bibi harusi.

“Injini yote imejipaka oili, mama, sioni inakotoka,” fundi Mbaruku alisema, akitoka chini ya gari. “Nikiifungua yote ni siku tatu.”

“Siku tatu! Bwana harusi si ataota mvi! Kitendawili!”

“Tega.”

“Alia darini, sakafu yalowa.”

Fundi akakuna kichwa. Bi Somoe hakungoja jibu. Aliisugua injini kama sufuria ya pilau, akaifuta ikakauka, kisha akachukua chekeche akainyunyizia unga wa muhogo mpaka ikawa nyeupe pe.

“Haya, washa.”

Injini ikanguruma. Punde, juu kabisa, kwenye ukingo wa kifuniko cha injini, mstari mweusi ukaanza kuteremka ungani.

“Kumbe gasketi ya juu! Nami nimelala chini tangu asubuhi!”

“Ndiye aliaye darini, mwanangu. Mgongo umeuchafua bure.”

Gasketi mpya ikatiwa chini ya kifuniko, boksi safi likatandikwa chini ya gari, injini ikawashwa tena. Wote wakainama kungoja tone. Halikuja.

Kuku aliyekuwa akidonoa unga uliomwagika akakatiza juu ya boksi, akaacha nyayo nyeupe zikielekea mlango wa nyumba, ambako vigelegele vilikwisha kuanza.